Majambazi Walionogewa na Wema

Mwanzoni mwa mwaka 1997, jiji la New York la kwenye vitabu vya katuni vya Marvel lilikuwa limefiwa. Mashujaa wa Avengers hawapo, wa Fantastic Four hawapo. Walikuwa wamejitosa wote ndani ya dubwana liitwalo Onslaught ili kulimaliza, na kwa jinsi raia walivyojua, walikufa humo humo. Mitaa ya Manhattan imejaa kifusi, waporaji wanaingia madukani mchana kweupe. Katika vurugu hiyo wakachomoza watu sita wenye mavazi mapya na majina mapya. Atlas, anayerefuka hadi kulingana na maghorofa. Songbird, ambaye sauti yake hugeuka ngao na mbawa. MACH-1, rubani ndani ya vazi la chuma. Meteorite, anayepaa bila mbawa. Techno, fundi wa kila mtambo. Mbele yao Citizen V, mwenye upanga, joho na lugha ya kiungwana. Walijiita Thunderbolts. Wakafukuza wezi, wakalitandika genge la Wrecking Crew, na jiji lililokuwa kwenye matanga likapata watu wa kulishangilia.

Kwenye ukurasa wa mwisho wa toleo la kwanza, msomaji anagundua kuwa amepigwa changa la macho. Citizen V ni Baron Helmut Zemo, mtoto wa mwanasayansi wa Kinazi na hasimu wa miaka mingi wa Captain America. Hao watano ni wenzake wa Masters of Evil, genge la wahalifu wenye mafaili marefu polisi. Hata jina la kiongozi lilikuwa tusi: Citizen V halisi alikuwa shujaa wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, na aliyemuua ni baba yake Zemo. Mtoto wa muuaji alikuwa amevaa jina la marehemu. Hesabu yake ilikuwa nyepesi. Watu wakishawaamini, serikali itawafungulia makabati ya siri zake na za mashujaa waliotoweka, na siku dunia itakapokuwa imejisahau, ataitia kamba shingoni.

Hila hiyo ilisaidiwa na hali ya biashara yenyewe. Marvel ilikuwa taabani. Desemba 1996 kampuni iliomba kinga ya mahakama dhidi ya wadai wake. Captain America, Iron Man, Avengers na Fantastic Four ilikuwa imewakabidhi kwa mwaka mmoja kwa wachoraji Jim Lee na Rob Liefeld, waanze nao upya kwenye dunia ya pembeni. Pengo la mashujaa ndani ya hadithi lilikuwa pengo la kweli kwenye rafu za maduka. Kurt Busiek, mwandishi aliyejijengea jina mwaka 1994 kwa kitabu cha Marvels, akaingia kwenye pengo hilo pamoja na mchoraji Mark Bagley. Kabla ya hapo Thunderbolts walikuwa wamepitishwa kama wageni kwenye namba 449 ya Incredible Hulk, iliyoandikwa na Peter David, wakiwa mashujaa wa kawaida kabisa, hata wa kuchosha kidogo. Siri haikuvuja. Leo picha ya ukurasa ule ingekuwa imezagaa kwenye simu za watu kabla gari la mzigo halijafika dukani.

Wapo wengi wanaoikumbuka Thunderbolts kwa ukurasa huo peke yake, na sishangai. Lakini Busiek aliendelea kuiandika hadi toleo la 33, na kilichomshughulisha muda wote huo kilikuwa kigumu kuliko kumshtua msomaji. Alitaka kujua kinampata nini mtu mbaya anayelazimika kutenda mema kila siku kwa ajili ya kudanganya. Jibu lake ndilo linalonifanya niirudie hadithi hii. Watu hawa hawakuanza kwa majuto, wala hakuna malaika aliyewatokea njiani. Walinogewa.

Mwangalie Abner Jenkins, aliye ndani ya vazi la MACH-1. Alizaliwa kwenye namba 123 ya Strange Tales mwaka 1964 kwa jina la Beetle. Alikuwa fundi wa vipuri vya ndege, mwenye mikono ya dhahabu na kazi inayomchosha, na hakuna anayemjua. Akajiundia vazi la chuma lenye mbawa, na vidole vya kunata kama miguu ya mjusi, akaenda kuwachokoza Human Torch na The Thing ili apate fedha na jina. Akaambulia jela. Kwa miaka zaidi ya thelathini ya uchapishaji, Jenkins alikuwa yule adui wa kupigwa, ambaye stelingi humtandika kurasa za mwanzo akisubiri adui mkubwa. Halafu ghafla anaopoa watu kwenye hatari na watu hao hao wanamshukuru. Umaarufu alioutafuta kwa ujambazi akaupata kwa kuigiza ushujaa, na ulipomfikia akagundua kwamba kumbe ana kazi anayoiweza na kuipenda.

Melissa Gold, yaani Songbird, alitokea mbali zaidi. Mwaka 1979 aliingia kwenye kurasa za Marvel kama Screaming Mimi, mpiga mieleka wa kundi la wanawake la Grapplers, mwenye ukelele wa kuangusha watu. Mwenzake katika mapenzi na uhalifu, Angar, alikufa baada ya wizi uliokwenda kombo, naye akapiga ukelele wa uchungu hadi kipaji chake kikaungua. Techno ndiye aliyemwekea mitambo ya kuifanya sauti yake ishike umbo. Erik Josten, yaani Atlas, ni kijana wa shamba kutoka Wisconsin aliyepewa nguvu na mtambo wa baba yake Zemo mnamo 1965. Amewahi kuitwa Power Man, Smuggler na Goliath. Kila bosi alimpa jina lake, naye akaliitikia. Nathubutu kusema Josten ndiye mhusika aliyeandikwa kwa huruma kuliko wote, ingawa mashabiki humtaja mara chache. Hana ubaya wa asili, ana utii uliopitiliza, na utii wa namna hiyo ukikutana na mtu kama Zemo huzaa maafa bila aliyeutoa kuwahi kuamua lolote.

Hawa watatu ndio waliolainika. Karla Sofen, yaani Meteorite, aliyejulikana zaidi kama Moonstone, alikuwa daktari wa akili kabla ya kuwa mhalifu, na nguvu zake alizipata kwa kumrubuni mgonjwa wake mpaka akalitoa jiwe lililokuwa mwilini mwake. Yeye anawasoma wenzake wanavyobadilika na kupiga hesabu: ikiwa wema unalipa, basi na awe mwema mpaka soko litakapogeuka. Kuwa naye ndani ya timu kunaifanya kila ishara ya utu isomwe mara mbili. Sofen akimbembeleza mtu, hujui kama unaona toba au unaona mtaalamu akiwa kazini.

Kisha akaja mtoto. Kwenye toleo la nne, Hallie Takahama, msichana yatima aliyepoteza wazazi wake kwenye maafa ya Onslaught kisha akafanyiwa majaribio na Arnim Zola, anawaendea Thunderbolts akitaka kujiunga. Anawaona ni mashujaa kweli. Zemo hawezi kumfukuza, maana kamera zinamtazama. Anapewa jina la Jolt na kitanda kwenye makao yao, na kuanzia hapo wahalifu sita wanaishi nyumba moja na mtu anayewaamini. Wanajificha jikoni kwao wenyewe. Wanaongea kwa mafumbo mezani. Sehemu hii Busiek aliipatia sana. Wale watu wazima, ambao polisi na korti hawakuwahi kuwatia haya, wanaona aibu mbele ya binti wa shule.

Njia ya mwongo ni fupi. Avengers na Fantastic Four waliporudi wakiwa hai, mpango ulikosa hewa, na Zemo mwenyewe akautangazia ulimwengu siri ya timu yake kwenye toleo la kumi. Alijua anachofanya. Alitaka wakose pa kukimbilia isipokuwa kwake. Kisha akaziteka akili za mashujaa waliorudi na kuinyoosha mikono yake kuichukua dunia. Hapo Songbird, Jenkins na wenzao wakamgeuka, wakapigana naye, wakamshinda. Ilikuwa mara ya kwanza kufanya jambo la kishujaa bila kuigiza. Ilikuwa pia mara ya kwanza kulifanya bila makofi, kwa sababu kila mtu sasa alikuwa anajua wao ni nani. Na aibu haikuwafika wao peke yao. Dallas Riordan, afisa wa ofisi ya meya aliyewakingia kifua mbele ya jiji zima, naye aliyekuwa amependana na Atlas, alibaki na fedheha asiyoitafuta.

Hadithi nyingi za toba zingekomea hapo. Adui amebadilika, dunia imeokoka, shusha pazia. Hadithi za namna hiyo zina historia yake, na inafaa kuipitia ili kuona Thunderbolts ilivunja nini.

Mwaka 1954, baada ya daktari wa akili Fredric Wertham kuandika kwamba vitabu vya katuni vinaharibu watoto, na baada ya kamati ya Baraza la Seneti la Marekani kuwahoji wachapishaji hadharani mjini New York, kampuni hizo ziliamua kujifunga zenyewe kabla hazijafungwa. Zikaunda chombo cha kukagua kila ukurasa. Kanuni zake zilikataza uhalifu kuoneshwa kwa namna ya kumfanya msomaji amhurumie mhalifu, na zilitaka wema ushinde kila mara na mkosaji aadhibiwe. Kwa hiyo mwandishi aliyetaka kumbadilisha adui hakuwa na nafasi ya kukaa naye kwenye giza lake. Ilibidi amvushe haraka, kabla mkaguzi hajauliza maswali.

Ndivyo ilivyokuwa Mei 1965, kwenye toleo la 16 la Avengers. Waasisi wa timu wamechoka, wanataka kupumzika. Anatokea Hawkeye, mpiga upinde ambaye mwaka mmoja kabla alikuwa akishambulia mali za Tony Stark akishirikiana na jasusi Black Widow. Anaingia kwenye jumba lao bila kukaribishwa, anamfunga kamba Jarvis, mtumishi wa nyumba, kisha anamfungua kwa mshale ili kuonesha shabaha yake. Hayo ndiyo maombi yake ya kazi. Anapokewa. Katika toleo hilo hilo wanaingia Quicksilver na Scarlet Witch, waliokuwa wafuasi wa mhalifu Magneto. Kabla kitabu hakijaisha, Captain America anaongoza timu ambayo wenzake wote watatu ni wahalifu wa jana. Hakuna kesi, hakuna fidia. Waliotendewa ubaya hawakuulizwa kitu.

Nimekulia kwenye jamii ambayo habari ya toba inajadiliwa barazani na madhabahuni, na sidhani kama kuna mzee wa pwani ambaye angeipitisha toba ya Hawkeye. Masharti yanajulikana: uache kosa, ujute, uazimie kutolirudia, na ikiwa umechukua haki ya mtu, umrudishie mwenyewe. Majuto bila hilo la mwisho hayatoshi. Hata Zakayo wa kwenye Injili, alipokuja kushuka mtini na kumpokea mgeni wake, alisimama kutaja hesabu: nusu ya mali kwa maskini, na mara nne kwa kila aliyemdhulumu.

Busiek alimrudisha Hawkeye yule yule kwenye Thunderbolts, toleo la 21, mwaka 1998. Anawakuta wakimbizi hawa, wanasakwa, wanaelea kati ya kurudia wizi na kuendeleza ushujaa usiotambuliwa na mtu. Anajitolea kuwaongoza. Ana sifa moja ambayo hakuna Avenger mwingine angeweza kuileta mezani: anajua ladha ya kuaminiwa pale usipostahili. Ila amekuja na sharti ambalo yeye mwenyewe hakuwahi kuwekewa. Abner Jenkins ana kesi ya mauaji ya tangu enzi za Beetle. Kama timu inataka watu waiamini, Jenkins ajisalimishe na kutumikia kifungo.

Naye anakwenda. Sijui kama kuna jambo la ujasiri zaidi kwenye vitabu vya aina hii. Jenkins ameokoa maisha ya watu, amepigana na Zemo, amependana na Songbird, na msomaji amekwisha kumsamehe zamani. Mwandishi anamwambia msomaji kwamba msamaha wake hauhusiki. Kuna mtu alikufa. Kuna jela. Hivyo fundi bora wa timu anavua vazi na kuingia ndani, Songbird anabaki nje akiwa na mapenzi yasiyo na mahali pa kukaa, na hadithi inaendelea bila yeye kwa namna inayokufanya ulione pengo lake kila vita vinapoanza. Katika biashara inayotegemea kuonesha mavazi ya rangi kila mwezi, kumtoa mmoja wa wahusika wapendwao na kumvika sare ya wafungwa ni uamuzi wa gharama.

Fabian Nicieza alipoichukua kalamu kuanzia namba 34, hakuupoteza uzi. Mwaka 2001, kwenye toleo la 50, ambalo lilimaliza pia kipindi cha Bagley kwenye mfululizo huo, Thunderbolts wanapata msamaha wa serikali, na anayeulipia ni Hawkeye. Anakubali kwenda gerezani ili wenzake waachiwe huru. Kutoka 1965 hadi 2001 ni miaka 36 ya kalenda ya msomaji. Sina hakika kama Nicieza alikusudia deni la Jarvis liwemo kwenye malipo hayo, ila mimi ndivyo nilivyoisoma.

Busiek mwenyewe alikuwa akiligeuza jambo hili upande mwingine kabisa kwenye mfululizo wake wa Astro City, anaoumiliki pamoja na wenzake na ambao hauna deni kwa Marvel. Hadithi iitwayo The Tarnished Angel, iliyoanza 1998 na kuchorwa na Brent Anderson, inamhusu Carl Donewicz, au Steeljack, mzee anayetoka gereza la Biro Island baada ya miaka 20. Ngozi yake yote ni chuma kinachong'aa. Uso, ambao mchoraji Alex Ross aliufananisha na wa mwigizaji Robert Mitchum, ni wa mtu aliyelala vibaya maisha yake yote. Zemo na wenzake waliweza kubadili mavazi na kuanza upya kwa jina jingine. Steeljack hawezi hata kuvaa kofia na kupita kando ya ukuta. Akiomba kazi, anayemhoji anaona faili lake kabla hajafungua mdomo. Anarudi Kiefer Square, mtaa wa watu waliokuwa wapambe na majambazi wadogo, ambako wajane na wazee wenye makovu ndio majirani. Kuna mtu anawaua hao wahalifu wastaafu mmoja mmoja, polisi hawajishughulishi, na mtaa unachanga vihela kumwajiri yeye achunguze. Ndiye pekee waliyempata.

Ninawaomba radhi wasiopenda kuambiwa mwisho, maana bila mwisho wake siwezi kueleza kwa nini kitabu hiki kinapaswa kusomwa sambamba na Thunderbolts. Anayeendesha hila yote ni El Hombre, shujaa wa zamani aliyeaibika. Amewakusanya wahalifu kwa ajili ya tukio kubwa, ili yeye atokee na kuwashinda mbele ya macho ya watu na jina lake lisafike. Anataka kurudishiwa heshima, basi anatengeneza maafa ya kujiokolea nayo. Zemo alifanya hesabu hiyo hiyo mwaka mmoja kabla. Anayewazuia akina El Hombre ni mzee wa chuma asiyejiamini, ambaye kila sura anajiambia kwamba hana akili ya kazi hii, naye anaifanya kwa sababu wajane wamekwisha kumlipa.

Watu husema la kuvunda halina ubani. Katuni za Marekani, kwa miongo ya karibuni, zimekuwa na jibu jepesi kwa methali hiyo: kama hakuna ubani, tia mnyororo. Mwaka 1987 John Ostrander aliiandikia kampuni ya DC mfululizo wa Suicide Squad, ambamo Amanda Waller anawatoa wafungwa gereza la Belle Reve na kuwatuma kufia kazi za siri za serikali kwa ahadi ya kupunguziwa vifungo. Ni kitabu kikali na cha heshima. Lakini mafanikio yake yalivuta Thunderbolts upande huo. Mwaka 2007, mwandishi Warren Ellis na mchoraji Mike Deodato walimweka mhalifu Norman Osborn kuwa mkuu wa timu, wauaji kama Bullseye wakiwa kwenye malipo ya serikali, kazi yao kuwawinda mashujaa waliokataa kujiandikisha serikalini. Imeandikwa kwa kejeli tamu na nakiri niliisoma kwa usiku mmoja. Toba haimo. Mtu anayetenda jema kwa sababu kuna mtambo mwilini mwake utakaomwadhibu akikataa hajabadilika chochote. Amebadilishiwa mwajiri tu. Songbird yumo kwenye timu hiyo, na uchungu wake wa kuwa mtu pekee anayeichukulia kazi kwa dhati ndio moyo uliobaki wa kitabu cha zamani.

Filamu ya Thunderbolts* ya Mei 2025, iliyoongozwa na Jake Schreier, ilichukua jina na kuacha watu. Hamna Songbird, hamna Josten, hamna Sofen. Yupo Yelena Belova, anayeigizwa vizuri sana na Florence Pugh, na wenzake waliotumwa na bosi wao wakauane ili ushahidi upotee. Ni filamu inayohusu upweke na sonona, na inagusa. Swali la nani analipa, ambalo Jenkins alikwenda nalo jela, hailiulizi.

Tatizo kubwa zaidi liko kwenye muundo wa biashara. Mhusika wa Marvel au DC hana mwisho. Ni mali ya kampuni, na mwandishi ajaye atataka kuchezea kile alichokipenda utotoni. Sandman, adui wa Spider-Man, ndiye mfano unaouma. Mwaka 1982, kwenye namba 86 ya Marvel Two-in-One, anakaa baa na The Thing, mtu ambaye amepigana naye kwa miaka. Wanakunywa bia. Sandman anasimulia alivyochoka, The Thing anasikiliza, na bia zikiisha anamwacha aende zake. Toleo zima karibu ni mazungumzo. Kuanzia hapo Sandman anajitahidi taratibu, anafanya kazi halali, hatimaye anakuwa mwanachama wa akiba wa Avengers. Mwaka 1999 iliamuliwa kwamba Spider-Man anamhitaji adui wake wa zamani. Katika hadithi, mhalifu Wizard anamweka kwenye mtambo na kuugeuza ubongo wake, na miaka 17 ya toba inafutwa. Hata kushindwa na tamaa hakupewa. Angalau mtu aliyeanguka tena kwa udhaifu wake ni mtu. Huyu alirudishwa stoo.

Waliokuwa kwenye Thunderbolts ya 1997 walipona kidogo na hatima hiyo, pengine kwa sababu si mali ya thamani kubwa na hakuna aliyewapigania. Zemo alijiaminisha kwamba ni mkombozi. Mwaka 2004 alijitupa mbele ya shambulio lililokuwa likimwelekea Captain America na uso wake ukaungua, lakini hajawahi kuacha kuamini kwamba dunia itaokolewa vizuri zaidi ikimtii yeye. Songbird alioneshwa kwenye Avengers Forever, mwishoni mwa miaka ya 1990, kama Avenger wa siku za usoni, wakati huo huo kwenye kitabu chake cha kila mwezi akiwa bado anakimbia sheria. Wasomaji waliisubiri ahadi hiyo hadi mwaka 2015, Al Ewing alipomwingiza kwenye New Avengers. Jenkins alitoka jela na kuendelea kuboresha vazi lake, MACH-2, MACH-3, MACH-4, namba ikipanda kila anapoanza upya.

Mwaka 2010 Jeff Parker aliiandika upya Thunderbolts ikiwa mpango wa kurekebisha wafungwa kwenye gereza la Raft, chini ya Luke Cage, ambaye tangu 1972 amekuwa shujaa aliyefungwa kwa kosa asilolitenda. Wafanyakazi wanaomsaidia ni Songbird, Jenkins na Techno. Miongoni mwa wafungwa wanaoletwa mbele yao kupimwa kama wanafaa kupewa nafasi ya pili yumo Karla Sofen. Anawafahamu wote watatu, anajua walikotoka, na siku ya kwanza tu ameanza kutafuta ni yupi kati yao bado anaweza kurubuniwa.